Mama Aliyeumizwa na Nyumba za Kumponya
Habari za Kivu tangu mwaka 1996

Katika parokia nyingi za Kivu jambo hili laonekana, ijapokuwa halisemwi. Mama mmoja anaenda shamba, au anapita njia ya soko, na siku ile harudi. Akirudi baada ya siku mbili tatu, hachoti tena maji pamoja na wenzake, na katika misa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Jirani wanajua, bwana wake anajua. Wote wananyamaza.

Juu ya vita vya Kongo mengi yamekwisha kuandikwa, na juu ya ubaya wa wale wanaoshika wanawake kwa nguvu pia. Sisi leo tunataka kuuliza neno lingine. Mama yule, akiisha kuumizwa, alipata msaada gani? Nyumba za waganga zilizojengwa kwa ajili yake, zimefanya kazi vema au vibaya? Twauliza hivyo kwa kuwa kazi njema nayo yapasa kupimwa. Mkulima hapimi shamba lake kwa wingi wa jembe, bali kwa mavuno.

Hali ya zamani

Hapo zamani misioni za Kongo zilikuwa na dispensari na nyumba za uzazi. Masista waliwazalisha wamama, waliwafunga vidonda, waliwapa dawa ya malaria. Lakini kwa mwanamke aliyebakwa hapakuwa na kazi ya pekee. Akija na kidonda, kidonda kilishonwa. Hakuna aliyemwuliza habari zake, hakuna aliyeandika neno, naye alirudi nyumbani na siri yake.

Tusifikiri ya kuwa Kongo peke yake ilikuwa nyuma. Hata katika nchi zenye mali mwanamke wa namna hiyo alingoja saa nyingi katika hospitali, akipitishwa mkono kwa mkono kati ya mganga na polisi. Ilikuwa mwaka 1976, katika mji wa Memphis kule Marekani, ndipo wauguzi walipoanza kufundishwa kazi hiyo kuwa kazi ya pekee. Mwaka 1994 hospitali kubwa ya Kuala Lumpur, katika nchi ya Malaysia, ilikusanya mganga, mshauri na polisi chini ya paa moja, ili mwanamke asizunguke kutoka nyumba hadi nyumba akirudia habari yake ya uchungu. Afrika ya Kusini ilianza nyumba za namna hiyo mwaka 2000. Na mwaka 2003 Shirika la Afya la Dunia lilitoa kitabu cha kuwaongoza waganga. Basi elimu hii ni changa po pote duniani. Kivu ilijifunza wakati uleule, lakini ilijifunza katikati ya moto.

Kutoka Lemera hata Panzi

Lemera ni mahali pa milimani, juu ya bonde la Ruzizi. Palikuwa na hospitali ya misioni ya Kiprotestanti, na daktari wake mkuu alikuwa Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955. Alipoona wamama wengi wanakufa kwa kuzaa, alikwenda Angers katika Ufaransa kujifunza uganga wa wanawake, akarudi Lemera mwaka 1989.

Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliishambulia hospitali ile. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wauguzi pamoja nao. Hivyo ndivyo vita vilivyoanza katika sehemu zile: kwa kuwaua watu wasioweza kukimbia.

Mwaka 1999 daktari Mukwege alianza kazi tena, huko Panzi, pembeni ya mji wa Bukavu. Nia yake ilikuwa ileile ya kwanza, kuwazalisha wamama salama. Lakini mgonjwa wa kwanza aliyemjia hakuwa na mimba. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na watu wenye silaha, kisha akapigwa risasi pale panapompa mwanamke uzazi. Baada yake alikuja wa pili, akaja wa tatu, na hawakukoma. Katika miaka kama 20 ya kwanza hospitali ile iliwapokea wanawake na wasichana zaidi ya 50,000 waliotendewa jeuri hiyo.

Kule Goma pia kazi ilianza. Mwaka 2000 daktari Lusi na mke wake Lyn walifungua nyumba ya uganga iliyokuja kuitwa HEAL Africa. Mwezi wa Januari 2002 mlima wa Nyiragongo ulitapika moto, na lava ikaiharibu nyumba yao. Wakajenga upya. Huko Bukavu, Centre Olame ya jimbo kuu letu iliwapokea wamama, ikawasikiliza, na kuwafundisha watu wa vijijini kuwapokea. Waganga Wasio na Mipaka nao walikwenda mbali, katika sehemu ambamo gari haifiki.

Waganga wa Panzi walifahamu upesi kwamba kushona hakutoshi. Mama aliyeshonwa vizuri alirudi kwao, akafukuzwa na bwana wake, akabaki bila shamba. Kwa hiyo waliweka misaada minne pamoja: uganga wa mwili, uganga wa moyo, msaada mbele ya hakimu, na msaada wa kupata kazi ya mikono. Haya manne ndiyo kipimo chetu. Tuyaangalie moja moja.

Msaada wa kwanza: mwili, na saa 72

Mwanamke aliyebakwa ana adui wengi katika damu yake. Kuna virusi vya Sida. Kuna kaswende na kisonono, kuna ugonjwa wa ini wa namna B, kuna pepopunda ikiwa alichanwa. Kwa Sida iko dawa ya kuzuia. Lakini dawa hiyo ina sheria kali: lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, ni kusema siku tatu, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kisha lazima imezwe kila siku, siku 28, bila kuacha. Zikipita saa 72, haisaidii tena.

Sasa tuhesabu. Mama wa Shabunda anashikwa msituni usiku wa Jumatatu. Kwanza anajificha mpaka kuche. Halafu anaogopa kusema. Siku ya pili anamwambia dada yake. Siku ya tatu wanafunga safari kwa miguu, na dispensari ya karibu ni mwendo wa siku nzima, labda siku mbili. Wakifika, wanaambiwa dawa imekwisha, tangu mwezi uliopita. Hospitali ya Bukavu inaweza kuwa na waganga hodari kuliko wote, lakini kwa mama huyu haikuwapo.

Hapa ndipo tunaona kosa la kwanza la miaka ile. Watu wengi wa ng'ambo walikuja kuitazama hospitali kubwa ya mji, wakapiga picha, wakatoa mali. Ni vizuri. Lakini saa 72 hazihesabiwi mjini, zahesabiwa kijijini. Boksi moja la dawa katika dispensari ya mlimani, na muuguzi mmoja anayejua kulitumia na kufunga kinywa chake, linaokoa pengine zaidi ya kitanda kipya cha Bukavu. Basi swali la kwanza la kupima ni hili: kati ya wanawake mia waliofika, ni wangapi walifika kabla ya siku tatu kuisha? Na dawa ilikuwapo?

Tuseme pia neno juu ya mimba, kwani wasomaji wengi wanauliza kimyakimya. Jambo hili lilikwisha kuulizwa Roma kwa sababu ya Kongo hasa. Katika machafuko ya baada ya uhuru, masista walikuwa katika hatari ya kubakwa. Mwaka 1961 wataalamu watatu wa mafundisho ya maadili, Palazzini, Hürth na Lambruschini, waliandika katika gazeti moja la Italia kwamba mwanamke aliye katika hatari ya namna hiyo anaweza kutumia dawa ya kuzuia mimba isitungwe, maana anajikinga na jeuri. Walisema juu ya kujikinga kabla ya kushambuliwa. Twalikumbusha jambo hili ili mama ye yote asikae nyumbani saa zile 72 kwa kuogopa tu maswali ya watu. Aende kwanza kwa mganga.

Habari ya fistula

Watu wengi, wakisikia jina la Panzi, wanafikiri fistula. Fistula ni tundu kati ya njia ya mtoto na kibofu au utumbo. Mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku, mama ananuka, watu wanamkimbia. Na magazeti ya dunia yalisema kwamba fistula za Kivu zaletwa na ubakaji.

Waganga wenyewe walitaka kujua kweli. Waliwachunguza wanawake 604 wenye fistula waliotibiwa Panzi, wakatoa hesabu yao mwaka 2008. Ni 24 tu, sawa na 4 katika mia, waliosema kwamba ilitokana na jeuri ile. Karibu wote wengine waliipata kwa kuzaa: uchungu wa siku mbili au tatu, bila mzalishaji, bila njia ya kufika hospitali.

Tuangalie hesabu hii kwa makini, haipunguzi ubaya wa wabakaji hata kidogo. Yatufundisha kitu kingine. Mama anayevuja mkojo kwa sababu ya kuzaa na mama anayevuja kwa sababu ya silaha wana tundu moja na aibu moja. Kama fedha zatolewa kwa mmoja tu, yule mwingine atafanya nini? Wachunguzi wawili, Douma na Hilhorst, waliandika mwaka 2012 kwamba katika Kivu msaada ulikuwa umeelekezwa sana kwa waliobakwa, na kwamba wanawake wengine wenye shida walilazimika kusema wamebakwa ili wapate kutibiwa. Waliuliza hata kama jambo hili limekuwa biashara. Neno hilo ni kali, lakini dawa ya ukali wake ni rahisi: mlango wa hospitali uwe mmoja kwa wamama wote. Tena hivyo siri inalindwa, kwa sababu jirani anayemwona mama anaingia hawezi kujua amefuata nini.

Msaada wa pili: moyo

Jeraha la moyo halionekani. Mama halali. Akisikia mbwa wanabweka usiku anatetemeka. Chakula kinaungua motoni naye anakitazama. Wengine wanasema amerogwa.

Je, jeraha hili laweza kuponywa kijijini, bila daktari wa akili? Wataalamu walijaribu jambo hilo katika vijiji 15 vya Kivu, na mwaka 2013 walitangaza waliyoyaona. Wanawake 405 walishiriki, wote wenye huzuni kubwa baada ya kubakwa. Katika vijiji 8 walipata mshauri wa kuwasikiliza mmoja mmoja, kila mara walipomhitaji. Katika vijiji 7 walikutana kwa vikundi mara 11, baada ya mazungumzo ya kwanza ya faragha, wakafundishwa kuyatazama mawazo yale yanayowafunga, kama vile lile linalosema: mimi ndiye mwenye kosa. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kongo wenye masomo ya kadiri, waliofundishwa na kusimamiwa vema.

Baada ya miezi sita walipimwa. Katika wale waliosikilizwa mmoja mmoja wengi walipata nafuu, lakini 42 katika mia walikuwa bado na huzuni au hofu ya ugonjwa. Katika wale wa vikundi, ni 9 tu katika mia.

Jambo hili latushangaza na latupa moyo. Dawa hiyo haikutoka katika chupa. Ilitoka kwa wanawake waliokaa pamoja na kuongozwa vizuri. Lakini tuangalie neno la mwisho: kuongozwa vizuri. Kumwambia mama asahau, au kumwuliza alivaa nini, au kumsimulisha habari yake mbele ya wageni, hayo si msaada. Mshauri asiyefundishwa anaweza kufungua kidonda asijue kukifunga.

Msaada wa tatu: karatasi ya mganga

Tarehe 20 Julai 2006 Kongo ilipata sheria mpya mbili juu ya jeuri hiyo. Zaeleza waziwazi ubakaji ni nini, zamlinda kila mtoto asiyetimiza miaka 18, na zawakumbuka wanaume pia, kwa maana nao hubakwa. Zaagiza uchunguzi wa kwanza uishe katika mwezi mmoja, na hukumu itolewe katika miezi mitatu. Tena hakimu lazima amwite mganga.

Kwa hiyo cheti cha mganga ni kitu kikubwa. Kikiandikwa ovyo, kesi inakufa. Tuone mfano wa Kavumu, karibu na uwanja wa ndege wa Bukavu. Kati ya miaka 2013 na 2016 wasichana wadogo kama 40 waliibwa usiku nyumbani kwao wakabakwa. Wengine walikuwa hawajaweza hata kusema. Waganga wa Panzi waliona kwamba majeraha yafanana, wakayaandika kila mara, wakatunza karatasi. Mwezi wa Desemba 2017 tribinali ya kijeshi ilikaa palepale Kavumu, ikawahukumu watu 11 kifungo cha maisha. Kati yao alikuwamo naibu wa baraza la mkoa, na aliye mkubwa hakusamehewa kwa ukubwa wake. Katika kesi ile mtoto asiyejua kusema alisemewa na karatasi ya mganga.

Lakini kesi za namna hii ni chache. Njia ya tribinali ni ndefu, nauli ni ghali, na fidia zilizoamriwa na mahakimu mara nyingi hazikulipwa. Kwa ajili hiyo sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliweka mfuko wa taifa wa kuwalipa wahanga. Mfuko huo nao utapimwa kwa mavuno: ni mama wangapi wamepokea, wala si mikutano mingapi imefanyika.

Msaada wa nne: kurudi nyumbani

Mama amepona mwilini, moyo umetulia, hakimu amehukumu. Sasa anarudi. Nani anampokea?

Mwaka 2010 wachunguzi wa Harvard walitangaza yaliyomo katika karatasi za wanawake 4,311 waliofika Panzi tangu 2004 hata 2008. Zaidi ya nusu walishambuliwa nyumbani mwao wenyewe, na 60 katika mia walibakwa na watu wengi pamoja. Tena waliona jambo la kuhuzunisha: kadiri miaka ilivyopita, wabakaji walizidi kuwa raia wa kawaida, si askari peke yao. Na hesabu nyingine ya mwaka 2011, iliyofanyika kwa kuwauliza wanawake wa Kongo nzima, ilionyesha kwamba wanawake zaidi ya milioni 3 walitendewa jeuri ya namna hiyo na waume zao wenyewe.

Hivyo twakosa tukisema kwamba jambo hili ni la msitu na la bunduki tu. Liko katika nyumba zetu. Na mama aliyeumizwa na bwana wake hafiki hospitali, wala haingii katika hesabu. Tupimapo kazi ya waganga, tukumbuke daima kwamba tunawahesabu wale waliofika.

Watoto nao, waliozaliwa kwa sababu ya jeuri ile, sasa wengine ni vijana. Kuna waliopewa majina ya aibu, kuna walionyimwa shamba la babu yao. Mtoto hakuchagua namna ya kuingia duniani.

Hali ya miaka ya karibu

Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia kwa daktari Mukwege kumwua. Mlinzi wake aliuawa, yeye aliokoka akaenda Ulaya. Ndipo wanawake wa Kivu, watu wanaoishi kwa pesa kidogo mno kwa siku, walipouza mananasi na vitunguu ili kumtafutia nauli ya kurudi. Mwezi wa Januari 2013 alirudi, nao walikuja kumpokea kwa wingi. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Tuzo haikumaliza vita. Mwaka 2023 Waganga Wasio na Mipaka peke yao, pamoja na wauguzi wa Serikali, waliwatibu wahanga 25,166 katika Kongo, wengi wao katika kambi za wakimbizi kandokando ya Goma. Ni zaidi ya wawili kila saa. Wengi walishikwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilitekwa, na mwezi wa Februari Bukavu. Mwaka uleule Marekani ilipunguza sana misaada yake ya nje. Hapo udhaifu wa kazi yote ulionekana: nyumba nyingi zilikuwa zimesimama juu ya mguu mmoja, na mguu ule ulikuwa ng'ambo.

Basi tupime namna gani?

Wasomaji wapenzi, twaona kwamba kazi njema kubwa imefanyika. Wanawake maelfu wanaishi ambao wangalikufa. Waganga wa Kongo wameifundisha dunia kuunganisha misaada minne. Lakini hospitali kubwa haikufika kijijini kwa saa 72, wamama wa fistula ya uzazi walisahauliwa, na fedha zilitoka mbali mno.

Tena kipo kipimo kimoja ambacho mtaalamu wa ng'ambo hawezi kukitumia, ila sisi. Kila parokia ijiulize. Je, twajua dispensari iliyo karibu nasi yenye dawa ile, na yupo mtu aliye tayari kumsindikiza mama usiku uleule? Je, viongozi wa jumuiya zetu wanajua kutunza siri? Bwana aliyemfukuza mke wake aliyebakwa, tulikwenda kusema naye, au tulimwonea huruma yeye? Na mama yule anayekaa nyuma karibu na mlango, nani alikwenda kukaa pamoja naye?

Majibu ya maswali haya hayahitaji fedha za ng'ambo. Tuanze nayo Jumapili hii.